Wahusari kumi na wawili na mikuki isiyovunjika

Farasi wanne walifika wamevunjika miguu. Naanza na hilo nilitoe moyoni, maana mengi yanayofuata ni sifa, na lawama zitakazokuja hazihusu usafirishaji. Nilichukua sanduku la sanamu ndogo za mchezo wa vita wa mezani kwenye paczkomat, kabati la kupokelea vifurushi, nyuma ya kituo cha tramu, nikalifungua juu ya meza ya jikoni, nikaona kila farasi anayenyanyua miguu ya mbele amekatika mahali pamoja, juu kidogo ya kwato, pale rezini, plastiki ngumu ya sanamu hizi, ilipochapwa nyembamba mno. Usiku huohuo nikawaandikia. Asubuhi mzee mwenye karakana akapiga simu mwenyewe, akaniomba radhi, na siku ya nne nikapokea farasi sita, wawili zaidi ya niliowadai. Jina la karakana silitaji kwa sababu mzee ameniambia umbo hilo linachongwa upya, na si haki watu wawahukumu kwa kitu wanachokiacha.

Sanduku lenyewe ni la Kircholm, vita vya Wapolandi na Walithuania dhidi ya Waswidi, tarehe 27 Septemba 1605. Nimelipa zloti 385. Ndani mna wahusari 12 (wapanda farasi wa Poland wa mikuki mirefu), askari wa miguu 20, mzinga mmoja na watu wake watatu, kadi za vikosi, na kijitabu cha kanuni cha kurasa 24 kwa Kipolandi na Kiingereza.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu: unatandika meza, unaweka vilima na mto, unapanga vikosi vya sanamu ndogo za kimo cha milimita 28, mwendo unaupima kwa futikamba, na mapigano yanaamuliwa kwa dadu kwa kufuata kanuni. Kanuni ndiyo roho ya mchezo. Sanamu zikipendeza na kanuni ikasema uongo, umenunua midoli ya bei mbaya.

Mimi ni mtu wa Usa River. Tengeru ni jirani, na makaburi ya Wapolandi ya Tengeru nimeyajua tangu mtoto. Wakati wa vita kuu ya pili karibu Wapolandi 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti, waliletwa kuishi pale. Bibi yangu aliwauzia ndizi na maziwa, na mpaka anafariki alikuwa akihesabu moja hadi kumi kwa Kipolandi. Kwa hiyo nilipokuja hapa Poland, mjini Poznań, kusomea ufundi wa meno bandia, nchi hii haikuwa ngeni kabisa masikioni mwangu. Mchezo nimefundishwa na jirani yangu wa ghorofa ya chini, mstaafu wa reli. Namwita Pan, yaani Bwana, kama adabu ya huku inavyotaka, naye ananiita jirani. Tunacheza Jumamosi. Yeye husimamia Waswidi, mimi Wapolandi na Walithuania.

Nitaje kwanza walichopatia. Mchongaji anaijua silaha anayoichonga. Ukimgeuza mhusari ubavuni, chini ya paja la kushoto, sambamba na tandiko, utaona koncerz, ule upanga mrefu mwembamba wa kuchoma tu, usiokata. Karakana nyingi huusahau kwa sababu hauonekani kwenye picha za matangazo. Huyu kauweka kwenye ala yake na kamba zake. Upanga uliopinda unaning'inia kiunoni, na watatu kati ya kumi na wawili wana nadziak, nyundo ya vita yenye mdomo kama wa kunguru. Mkuki unapumzika ndani ya tok, mfuko wa ngozi unaofungwa kwenye tandiko ili uzito ubebwe na farasi badala ya mkono. Mimi kutwa nzima natazama vitu vidogo kwa lenzi, na nakiri mshono wa mfuko ule ulinifanya nisimame niwashe taa ya pili.

Mabawa ndiyo yaliyonipa kazi. Kila mtu anayajua mabawa. Sanduku limewapa wahusari wote mabawa mawili marefu, yamejikunja juu ya kofia ya chuma, yamefungwa kwenye mgongo wa deraya, vazi la chuma la vita. Yanapendeza. Tena katika kasri la Kórnik, mwendo mfupi kutoka hapa Poznań, kuna deraya ya mhusari yenye mabawa, na nimesimama mbele yake zaidi ya mara moja. Ila deraya ile ni ya zama za baadaye. Kwa mwaka 1605 tuna shahidi mzuri kuliko wote: mchoro mrefu wa kukunja, wa mita kama 15, unaoonyesha msafara wa arusi ya Mfalme Sigismund wa Tatu ukiingia Kraków mwaka huohuo, miezi michache tu baada ya Kircholm. Waswidi waliuchukua kama ngawira karne ya 17, wakaurudisha mwaka 1974, na sasa ni mali ya Kasri la Kifalme la Warsaw. Kwa zama zile bawa lilifungwa kwenye tandiko, nyuma ya mpanda farasi, na lilikuwa limenyooka.

Basi nikachukua kikeo cha fundi meno, kisumeno kile kidogo cha duara, nikayakata mabawa mgongoni. Rezini ya karakana hii inakatika vizuri, haichaniki, vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo (vaa barakoa, tafadhali, vumbi hilo si la kuvuta). Mabawa nikayalowesha katika maji ya moto, yakalegea, nikayanyoosha juu ya kigae, nikayabandika nyuma ya tandiko kwa supa gluu. Farasi mmoja jioni moja. Wengine nikawaacha bila bawa lolote, maana halikuwa vazi la sare.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo sanduku halikulielewa.

Kikosi cha wahusari kiliitwa chorągiew, yaani bendera. Hakikuandikishwa mtu mmoja mmoja. Rotmistrz, yaani mkuu wa kikosi, aliyepewa kibali cha mfalme aliwaita waungwana, na kila muungwana, towarzysz, alikuja na poczet yake, yaani farasi, silaha na watu wake wawili au watatu wa kupigana nyuma yake. Towarzysz alipanda mstari wa mbele, watu wake wakafuata. Gharama ya farasi na deraya ilikuwa juu yake. Mkuki tu ndio hakuununua mwenyewe. Ukikitazama kikosi kwa mbali, utaona mng'aro mbele na vumbi nyuma, matajiri wachache na watumishi wengi waliovaa walichopewa.

Sanduku limenipa matajiri kumi na wawili. Wote wana ngozi ya chui begani, wote deraya iliyotiwa madoido ya shaba, wote uso wa mtu mwenye shamba kubwa. Kikosi cha namna hiyo hakijawahi kuwepo. Kumi na wawili hawa wangepaswa kuwa matajiri wanne na wafuasi wanane, na mchongaji angeweza kufanya hivyo kwa kuchonga miili miwili ya ziada tu. Mimi nimefanya mwenyewe. Wanane nimewakwangua ngozi ya chui, watano nikawapa ngozi ya mbwamwitu kwa udongo wa epoksi, watatu wakabaki na joho tupu. Deraya zao nimezipaka rangi ya chuma kilichofifia, bila shaba. Kikosi kikabadilika mara moja. Kilipokaa mezani, Pan alikitazama kimya, kisha akasema, "Sasa hawa naona wamelipwa nusu mshahara." Kwa anayejua historia ya majeshi ya Poland ya zama zile, yaliyokuwa yakidai mishahara mara kwa mara, hiyo ni sifa kubwa.

Na kuhusu chui, mwongozo wa kupaka rangi ulioko ndani ya kijitabu una kosa ambalo mtu wa kwetu hawezi kulinyamazia. Unasema weka rangi ya manjano, kisha tia vitone vyeusi vilivyojaa. Huyo ni duma. Doa la chui ni duara lililokatikakatika, kama alama za vidole vya mnyama mdogo, na katikati yake pana rangi nzito kuliko manyoya ya pembeni. Kwa sanamu ya kimo hiki tumia brashi yenye ncha kama sindano: kwanza doa la kahawia, kisha vipande viwili au vitatu vyeusi kulizunguka, usiufunge mduara. Waungwana wale walitoa fedha nyingi kwa ngozi iliyotoka mbali. Tuwapakie mnyama waliyemlipia.

Sasa mkuki.

Mkuki wa mhusari, kopia, ulifika mita 5 na zaidi. Ulikuwa mwepesi kuliko unavyodhani kwa sababu ulichimbwa ndani: mti laini ulipasuliwa, ukachongwa moyo wake, ukaunganishwa tena kwa gundi na kufungwa. Wepesi ule ndio uliouwezesha kuwa mrefu, na ndio uliomfanya mhusari amfikie mtu aliyeshika silaha ndefu kabla hajafikiwa. Lakini chombo kama hicho ni cha pigo moja. Kikigonga, kinapasuka. Baada ya hapo mtu ana koncerz, ana upanga, ana nyundo, na kama kamanda wake ana busara, ana njia ya kurudi nyuma akachukue mwingine.

Mikuki ya sanduku ni ya rezini, sentimita 9, ambao ndio urefu wa haki kwa kimo hiki. Wiki ya kwanza ilinyooka. Wiki ya pili, dirishani palipopata jua, yote kumi na miwili iliinama kama mishumaa. Nimeitupa. Nimechonga mipya kwa vijiti vya mishikaki, navisugua kwa msasa mpaka vinabaki milimita moja na nusu, navipaka gundi ya mbao iliyozimuliwa ili nyuzi zisisimame, kisha rangi. Kijiti cha mianzi hakipindi juani. Vibendera ni karatasi ya kufungia mkate, nyepesi, inakubali kukunjwa kama hariri inayopigwa na upepo. Na kila mkono nimeutoboa ili mkuki uingie na kutoka.

Kwa nini uingie na kutoka? Kwa sababu ya kadi. Kadi ya wahusari inasema kikosi kinaongezewa dadu tatu kila kinaposhambulia. Kila kinaposhambulia! Zamu ya pili, ya tano, ya nane, mkuki uleule, mzima, haujawahi kugusa mtu. Tulicheza hivyo mara mbili, kwa uaminifu, ili tusihukumu bila kujaribu. Mara ya kwanza Waswidi walikwisha katika zamu ya nne. Mara ya pili Pan aliwapanga vizuri zaidi, wakaisha zamu ya tano. Askari wangu wa miguu hawakufyatua hata gobori moja. Walisimama katikati ya meza kama wageni waliofika arusini watu wameshakula.

Tumebadilisha. Baada ya shambulio, kila mhusari aliyegonga anarushiwa dadu moja, na ikitoka moja hadi nne mkuki umevunjika, unautoa mkononi kwa vidole viwili na kuuweka pembeni ya meza. Kikosi kikibakiwa na mikuki chini ya nusu, dadu tatu za ziada zinakwisha, inabaki moja. Kinaweza kurudi kwenye magari ya mizigo, kikakaa zamu mbili, kikatoka na mikuki mipya. Hiyo tu. Sikugusa kanuni nyingine za wapanda farasi, kwa sababu nyingine ni nzuri, na moja ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kucheza: kadi mbili za mpangilio, moja ya kulegea na moja ya kubanana. Ukiwa umelegea risasi zinapita katikati yako, lakini ukigonga hivyo hugongi kitu. Ukibanana goti kwa goti unapiga kama ukuta, lakini kila risasi inapata mtu. Mchezaji anachagua ni wapi abadilishe kadi, na sentimita 15 za mwisho kabla ya adui zinatoa jasho la kweli. Aliyeandika kanuni ile anajua wahusari walikwenda vipi kwa adui, na namvulia kofia.

Baada ya badiliko la mikuki tumecheza Kircholm mara nne. Chodkiewicz, jemadari wa Wapolandi na Walithuania, alikuwa na watu kama 3,600, na kati yao askari wa miguu walikuwa kama 1,000. Mfalme Karl wa Tisa wa Uswidi alikuwa na watu karibu 11,000, juu ya kilima. Chodkiewicz alijifanya anarudi nyuma, Waswidi wakateremka, wakaacha mahali pao pazuri. Sanduku lina kadi ya hila hiyo na inafanya kazi. Lina pia kadi za makamanda wake: ya Wincenty Wojna na wahusari wake 300 waliopiga katikati, ya Dąbrowa kushoto, ya Sapieha kulia, na ya Lacki wa akiba. Katika mchezo wa tatu Wojna wangu aliwapenya Waswidi wa katikati, akavunja mikuki mitano kati ya sita, akakwama. Kwa kanuni ya zamani angeendelea tu. Safari hii alibaki na panga, akizungukwa, na kwa mara ya kwanza niliwatazama askari wangu wa miguu kama mtu anayetafuta ndugu zake stendi ya basi.

Askari hao wa miguu ndio sehemu iliyonisikitisha, na nalisema hili nikiwa nawapenda wenye karakana. Wamechongwa kwa haraka. Mapozi ni mawili tu kwa watu ishirini. Na wote wameshika berdysz, shoka kubwa la mpini mrefu, ambalo mtu huegemeza bunduki juu yake anapopiga. Linapendeza, na Wapolandi walilitumia kweli, lakini lilipewa nafasi kubwa wakati wa Jan Sobieski, jemadari kisha mfalme wa Poland, miaka ya 1670, yeye alipoliweka mahali pa mikuki mirefu ya askari wa miguu. Kwenye Kircholm, miaka 70 kabla, ni geni. Askari wa miguu wa mtindo wa Kihungari wa mwaka 1605 alikuwa na gobori la utambi, upanga uliopinda, na kishoka kidogo kiunoni. Walipangwa makumi-makumi: kiongozi wa kumi, dziesiętnik, alisimama mbele na mkuki mfupi, nyuma yake watu tisa wa bunduki. Hilo ni jambo la kufurahisha sana kulileta mezani, kwa sababu linakupa kikosi chembamba kwa upana na kirefu kwa kina, kinachotoa moto mstari baada ya mstari. Sanduku lina watu ishirini. Ishirini ni makumi mawili kamili! Walikuwa nalo mkononi wakaliacha. Kiongozi hayupo hata mmoja, na kadi inawapa dadu moja tu ya kufyatua, kana kwamba wamewekwa kulinda mizigo.

Watu wataniambia askari wa miguu wa Poland walikuwa wachache, na vita vilishindwa na farasi. Ni kweli walikuwa wachache. Tazama basi vita vya Kłuszyn dhidi ya Warusi, tarehe 4 Julai 1610. Jemadari wa Poland, Żółkiewski, alikuwa na watu wapatao 6,500, karibu wote wahusari, na askari wa miguu 200 tu na mizinga miwili midogo. Bendera nyingine zilishambulia mara nane, nyingine kumi. Njiani palikuwa na uzio wa kijiji, na nyuma ya uzio askari wa kukodiwa kutoka magharibi wakiwapiga wahusari risasi kupitia mianya. Farasi hawezi kuutoa uzio kwa mkuki. Wale 200 walikuwa wamechelewa porini na mizinga yao, na walipofika hatimaye ndio waliowaondoa wale wa nyuma ya uzio. Ukiwapa watu kama hao dadu moja, umeifuta asubuhi ile.

Mimi nimewapa tatu wakisimama, moja wakitembea, na nimetengeneza viongozi wawili kutoka kwa watu wa mzinga waliobaki. Katika mchezo wa nne ndio waliomtoa Wojna. Walisogea mpaka sentimita 20, wakafyatua zamu mbili, Waswidi waliokuwa ubavuni mwake wakageuka kuwakabili, na Lacki akapata pa kupita. Pan alipoteza mfalme wake mezani, jambo ambalo mwaka 1605 lilikosekana kwa sababu Heinrich Wrede, mmoja wa watu wake, alimpa Karl farasi wake mwenyewe na kufa pale. Kadi ya Wrede haimo. Nimewaandikia waiongeze, kwa heshima ya mtu yule na kwa haki ya anayecheza Waswidi.

Kama unataka wapanda farasi, nunua, na uwe na msasa, kikeo au kisu kikali, na vijiti vya mishikaki. Kwa askari wa miguu tu, subiri toleo wanalolichonga. Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili asipewe hata kidogo, miguu ya farasi ni miembamba na rezini iliyovunjika ina ncha.

Mzee wa karakana nilipompigia kuhusu mashoka alinyamaza kidogo, akaniuliza nimeona wapi makumi yale. Nikamweleza. Akasema, "Nitumie picha za viongozi wako." Nimezituma jana usiku, pamoja na picha ya doa la chui niliyoichora kwa penseli, kubwa, ujazo wa ukurasa mzima.